Pagale, Mkopo na Tarehe ya Kurudisha

Wakubwa wote shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za jioni.

Mada yetu ni namna ya kumpata mtu binafsi akukopeshe fedha za miezi michache, ununue pagale, yaani nyumba ambayo ujenzi wake haujakamilika, hapa Dar es Salaam, ulimalize na uliuze. Najua swali lililowaleta wengi: wako wapi hao watu? Nitalijibu, ila nalichelewesha kwa makusudi. Ukipewa majina kumi leo ukawaendea mikono mitupu, utarudi na ahadi kumi za "nitakupigia."

Tuanze na sababu ya watu hawa kuwapo. Benki inakopesha kwa hati safi, mshahara unaoonekana au biashara yenye hesabu, na nyumba inayoweza kukalika. Riba ya mkopo wa nyumba benki ni kama asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka, na kupita kamati zake ni wiki nyingi. Sasa mwenye pagale la Goba au Chanika mara nyingi anauza kwa sababu ana shida: ada, matibabu, warithi wanataka kugawana. Anataka fedha ndani ya siku 14, na pagale lake halina milango wala umeme, kwa hiyo benki hailiangalii. Katika ufa huo ndipo anapoingia mkopeshaji binafsi. Anatoa haraka, anakubali jengo lisilokamilika, na kwa hilo anatoza zaidi. Anachotaka kusikia kwako ni kitu kimoja: tarehe ambayo fedha zake zinarudi, na mlango zitakaopitia. Usanifu wa jikoni msimulie mnunuzi.

Kwa hiyo hesabu inaanzia mwisho. Nipeni dakika chache hapa, maana wanaoumia wengi huumia kwenye karatasi kabla hata ya kushika koleo.

Chukua mfano. Pagale linauzwa milioni 45. Ushuru wa stempu, wakili na kuhamisha umiliki, weka milioni 2. Kumalizia: lipu, nyaya, mabomba, madirisha ya alumini na grili, dari ya jipsamu, vigae, shimo la maji taka, rangi, geti, jumla milioni 38. Ongeza dharura ya asilimia 15 juu ya kumalizia, milioni 5.7. Mpaka hapo ni milioni 90.7. Una milioni 30.7 zako, unakopa 60. Mkopeshaji anataka asilimia 3 kwa mwezi bila riba juu ya riba, yaani milioni 1.8 kila mwezi. Kwa miezi minane ni milioni 14.4. Gharama yote imefika milioni 105.1.

Unauza milioni 120. Dalali kwa asilimia 5 anachukua milioni 6. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Ukitoa gharama zenye risiti, kwenye mfano huu bila kuhesabu riba, unalipa kama milioni 2.33. Asiyekuwa na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa, na hapa hiyo ni milioni 3.6. Tofauti ya zaidi ya milioni moja imelala kwenye risiti za saruji zilizotupwa. (Na ukiwa unanunua na kuuza mfululizo, TRA, mamlaka ya mapato, watakuona ni mfanyabiashara, hesabu inabadilika. Muone mshauri wa kodi kabla ya nyumba ya pili, usingoje ya tano.)

Kinachobaki ni milioni 6.57. Sasa ichelewe kuuzika miezi minne tu. Milioni 1.8 mara nne ni 7.2. Faida imekwisha, na umeingia hasara ya laki sita na elfu thelathini, baada ya mwaka mzima wa kugombana na mafundi. Bei ya vigae haikupanda, fundi hakuiba. Muda peke yake umekula kila kitu. Ndiyo maana mkopeshaji mzoefu akiona karatasi yako inasema "miezi minne" kwa jengo lisilo hata na paa, anakunja karatasi na kukuaga kwa upole.

Weka muda wa kweli. Kumalizia pagale lenye paa, kama fedha haikatiki, kwa kawaida ni miezi mitatu hadi mitano. Kuuza kunaweza kuchukua muda kama huo huo. Ukiwa na mashaka, omba miezi 12 yenye haki ya kulipa mapema bila faini. Hiyo ni bora kuliko kuomba sita halafu kwenda kubembeleza.

Na usiwe na mlango mmoja wa kutokea. Wa kwanza ni kuuza. Wa pili ni benki: nyumba ikishakamilika na hati ipo kwa jina lako, unaweza kuchukua mkopo wa nyumba wa muda mrefu ukamlipa huyu wa muda mfupi. Nenda kaulize masharti ya benki kabla ya kununua pagale, uyaandike. Wa tatu ni kupangisha. Kodi ya miezi sita mkupuo haitalipa milioni 60, lakini italipa riba ya miezi kadhaa wakati unatafuta mnunuzi bila kubanwa. Mkopeshaji anayeona milango mitatu anapunguza masharti. Anayeona mmoja anaongeza riba.

Sasa karatasi. Andaa faili jembamba. Juu kabisa ukurasa mmoja: eneo, bei ya kununua, gharama ya kumalizia, kiasi unachoomba, fedha yako mwenyewe, muda, milango ya kutokea. Chini yake nakala ya hati na majibu ya upekuzi rasmi kutoka ofisi ya ardhi, kile wanachoita sachi, ya wiki hiyo hiyo. Sachi ya miezi mitatu iliyopita haisemi kama jana kuna mtu aliweka zuio. Ongeza makadirio ya gharama kutoka kwa mkadiriaji majenzi au fundi mkuu aliyesaini kila mstari, picha za jengo ndani na nje, na taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Taarifa hiyo hutoa thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Wewe unatazama ya kwanza. Mkopeshaji anatazama ya pili, na mara nyingi hatavuka asilimia 50 hadi 60 yake. Kwa hiyo kama dhamana ni pagale peke yake, mkopo wa milioni 60 haupatikani siku ya kwanza. Unapatikana kwa awamu, au kwa kuongeza dhamana nyingine.

Kama muuzaji ni mrithi, kuwe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ile ya Mahakama ya Mwanzo watu wanaiita fomu namba nne, pamoja na ridhaa ya warithi. Kama ana ndoa, ridhaa ya mwenzi wake. Faili lisilo na hivi viwili ni kesi inayongoja namba.

Vipi eneo lisilopimwa, lenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu? Niseme wazi: rehani ya kusajiliwa hapo haipo, kwa sababu hakuna hati ya kuisajilia. Mkopeshaji anabaki ameshika karatasi na neno lako. Atakupa kidogo, kwa riba kubwa, au atataka dhamana nyingine kama kiwanja chenye hati au gari. Leseni ya makazi, kile kibali cha muda cha kumiliki eneo ambalo halina hati, ina nguvu kidogo zaidi, na baadhi ya wakopeshaji huipokea, ila ina muda wake. Hakikisha haiishi katikati ya mkopo. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni kununua chenye hati hata kama ni ghali kidogo.

Haya, wako wapi?

Wa karibu kuliko wote ni muuzaji mwenyewe. Mwenye pagale anayehitaji milioni 25 leo kwa ada na matibabu anaweza kungoja 20 nyingine mpaka uuze, kama ataandikiwa vizuri na wakili atashika hati. Huo ni mkopo wa muda mfupi, mara nyingi bila riba, na watu wanausahau kwa sababu hauitwi mkopo. Wa pili ni duka la vifaa vya ujenzi. Mali kauli, yaani kuchukua bidhaa sasa na kulipa baadaye, ya saruji, nondo na vigae kwa siku 30 au 60 ni fedha kabisa. Mwenye duka anakopesha bidhaa anayoijua na anaona inakwenda wapi. Ulizia bei ya taslimu na bei ya mali kauli, tofauti yake ndiyo riba.

Kisha wapo wenye fedha zilizolala kwa muda. Mstaafu aliyepokea mkupuo na hataki kufungua duka. Mfanyabiashara wa Kariakoo kati ya msimu na msimu wa mzigo. Mtanzania aliye Muscat, London au Minneapolis anayetaka fedha yake ifanye kazi nyumbani bila kumtegemea ndugu wa kumjengea. Watu hawa hawabandiki matangazo. Wanaowajua ni mawakili wanaoandika mikataba yao ya ardhi, wathamini, wahasibu, na madalali wachache wa siku nyingi ambao mtaa mzima unawaamini. Nenda kwa wakili wa ardhi, mlipe aandae ununuzi wako vizuri, kisha muulize kama ana wateja wanaopenda kukopesha kwa dhamana ya hati. Hatakupa namba ya mtu siku hiyo. Atakuangalia kwanza jinsi unavyolipa bili yake.

Kwa mlio na ndugu ughaibuni: ardhi yetu asiye raia haimiliki kama raia anavyomiliki, sheria inamwekea masharti. Mkopeshaji aliyebadili uraia aelewe mapema kwamba mambo yakiharibika atalipwa kutokana na mauzo, asitegemee nyumba yenyewe kuandikwa kwa jina lake.

Kundi la nne ni wenye leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawaweka wakopeshaji wasiopokea amana, kampuni na watu binafsi, kwenye Daraja la Pili, chini ya leseni ya Benki Kuu, na riba yao imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mtu anayekopesha kila anayepita kwa riba, huo ukiwa ndio mkate wake, anafanya biashara inayohitaji leseni. Omba kuiona. Akicheka, inuka.

Hapo ndipo tunafika kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba za kunyonya. Kwenye nyumba hawaji na daftari la marejesho ya kila siku, wanakuja wamevaa vizuri. Dalili ni hizi: asilimia 20 kwa mwezi, ambayo kwa milioni 60 ni milioni 12 kila mwezi; kukutaka uache kadi ya benki na namba ya siri; na hii mbaya kuliko zote, kukusainisha mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo, sehemu ya tarehe ikiachwa wazi, "ni utaratibu tu, bosi." Siku ukichelewa, tarehe inajazwa, na mbele ya hakimu wewe ni muuzaji anayekataa kuhama. Mkopo uandikwe mkopo, na rehani iandikwe rehani. Fomu tupu haisainiwi hata kwa mjomba.

Kuna ndugu zetu wengi hapa ambao riba kwao ni haramu, na wanakosa mtaji kwa kudhani njia ni moja. Mwenye fedha anaweza kuingia kama mshirika: yeye atoe milioni 60, wewe 30.7 na usimamizi, faida igawanywe kwa uwiano mliokubaliana mwanzo, na hasara ibebwe kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Msimwahidi kiasi maalumu kila mwezi, maana hapo mmerudisha riba kwa mlango wa nyuma. Mshirika naye ana faida moja kwako: nyumba ikichelewa, saa haikugongi kichwani. Ana gharama moja pia, atataka kuamua rangi ya geti.

Onyo fupi kwa wanaotaka kukusanya laki tano tano kwa watu mia kwenye kundi la simu na kuwaahidi faida. Kupokea fedha za umma namna hiyo bila leseni ni kosa. Mnaikumbuka DECI, ule upatu uliovunjika 2009. Tafuta mkopeshaji mmoja au wawili, wenye majina kwenye mkataba.

Unapokwenda kumwona, peleka faili na uwe tayari kulizungumza kwa dakika kumi. Atakuuliza hasa: ukishindwa? Usijibu "sitashindwa, Mungu yupo." Mungu yupo, lakini jibu ni milango mitatu na tarehe. Nawe muulize: fedha iko tayari au anangoja mzigo uuzwe? Ameshakopesha kwa nyumba? Mkataba ataandika nani? Kuna watu hujiita wakopeshaji kumbe ni madalali wa wakopeshaji, na wanataka "ada ya kufungua faili" kabla ya chochote. Gharama halali za mwanzo ni za mthamini, wakili na serikali, na unawalipa wao wenyewe kwa risiti.

Mkataba wenyewe useme kiasi, riba na namna inavyohesabiwa. Asilimia 3 ya salio na asilimia 3 ya mkopo wa mwanzo ni vitu viwili tofauti ukianza kupunguza deni. Useme tarehe ya mwisho, bei ya kuongeza muda iliyokubaliwa sasa hivi mkiwa bado marafiki, faini ya kuchelewa, na haki ya kulipa mapema. Malipo yapite benki, na kila muamala uandikwe sababu. Hati halisi ishikwe na wakili, na rehani isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kama mkopaji ni kampuni, dhamana hiyo isajiliwe pia BRELA, wakala wa kusajili kampuni, ndani ya siku 42. Dhamana ikiwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inadai ridhaa ya mwenzi, na mwenye wake wawili asipeleke saini moja. Rehani nyingi zinazopingwa mahakamani zinapingwa kwa tundu hilo.

Na mkopeshaji aelezwe ukweli wa upande wake. Ukishindwa kulipa, anapaswa kukupa notisi ya maandishi ya siku 60, kisha mnada utangazwe siku 14 kabla. Akiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhani amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo hata kwa aliyefuata kila hatua, fedha zake hazirudi kabla ya miezi miwili na nusu, na zuio la mahakama likiingia ni zaidi. Ukimweleza haya mwenyewe, anaona anazungumza na mtu anayejua anachosaini.

Fedha usiipokee yote siku moja. Unalipia riba fedha iliyolala, na fedha iliyolala mwishowe hununua kitu kingine. Mkubaliane awamu: kununua, kisha lipu na nyaya, kisha madirisha na dari, kisha vigae, rangi na geti. Kila awamu itolewe baada ya kukagua iliyopita kwa picha na kwa macho. Lakini bakiza fedha yako ya wiki tatu mkononi, kwa sababu mkopeshaji akisafiri katikati ya awamu, mafundi hawasafiri naye. Wanahamia kwa mwingine, na kuwarudisha ni mwezi.

Kinachoharibu bajeti ya pagale mara nyingi hakionekani kwenye picha. Jengo lililonyeshewa miaka mitano bila paa, nondo za lenta, ile mihimili ya zege juu ya milango na madirisha, zimeshika kutu na zege linapasuka, na hiyo hubomolewa, haipakwi lipu. Gonga matofali ya chini kwa nyundo. Yakimumunyuka, punguza bei au ondoka. Tazama maji yanakwenda wapi masika, hasa mabondeni. Ulizia nguzo ya umeme ya TANESCO iko mita ngapi, na bomba la maji la DAWASA limefika wapi. Kiwanja kiko mbali kiasi gani na hifadhi ya barabara? Kipimwe upya mipaka na mpima mwenye leseni kabla ya fedha kutoka, maana ukuta wa jirani ulioingia mita moja utaonekana siku mnunuzi wako anakuja na mpima wake.

Na nyumba ikiuzika, usiishie kumlipa mkopeshaji na kupeana mikono. Mnunuzi alipe kupitia wakili, deni litoke humo moja kwa moja, mkopeshaji asaini hati ya kuondoa rehani siku hiyo hiyo, na wakili aipeleke kwa Msajili. Sharti hili liwe kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na idadi ya siku alizonazo kusaini, kwa sababu mkopeshaji aliyekwisha kulipwa hana haraka tena, na rehani isiyofutwa itamzuia mnunuzi wako kuhamisha jina hata kama kila shilingi imelipwa.

Tuingie kwenye maswali. Kuna karatasi nne hapa mbele zinazouliza juu ya leseni ya makazi iliyokaribia kuisha. Tutaanza na hizo.